Mkulima Asiyelima

Kwetu neno ni moja:
kulima ni kushika jembe, na kulima ni kuishi kwa shamba.
Sasa nimwiteje Lenora Tjaden,
ambaye mwaka wa sita huu hajagusa plau,
na ghala lake halilii njaa?
Mkulima asiyelima. Ulimi wangu unajikwaa.

Kazi yangu ni kutoboa.
Natoka Waterloo kabla ya mapambazuko,
keekee ya chuma, ndoo mbili, kalamu isiyofutika,
mpaka kaunti ya Grundy, penye seng'enge.
Upande huu mabua ya mwaka jana yamelala
kama mkeka uliosahauliwa uani.
Upande ule ni kwa kaka yake, Verlin:
shamba jeusi, limepinduliwa tumbo juu tangu Oktoba.
Natoboa sentimita thelathini. Hapa. Na pale.
Udongo ule ule, babu yule yule aliununua,
daftari mbili.

Usidhani naitrojeni ni ile ya gunia tu.
Imo humu, imefungwa ndani ya mizizi iliyooza,
ndani ya maiti za wadudu, akiba ya miaka.
Plau ikipita, hewa huingia kama wageni wa arusi:
bakteria waamka, wala, wavunja sanduku,
na kilichofungwa kinayeyuka kuwa naitreti,
chumvi isiyo na rangi,
tayari kwa mzizi, kama mzizi upo.

Novemba mzizi haupo.
Kuna theluji, kisha Aprili kuna mvua,
na chini ya shamba kuna mabomba
waliyozika wazee kukausha kinamasi,
yanayomimina mtaroni usiku kucha.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Mimi ndimi daftari. Nami nafika nimechelewa.

Lakini sitadanganya.
Mwaka wa kwanza, na wa pili,
mahindi ya Lenora yalitoka manjano, membamba.
Mabua makavu nayo yana njaa yake:
vijidudu vinavyoyatafuna hukopa naitrojeni ya mche
na havilipi upesi.
Udongo ulibaki baridi mpaka mwisho wa Mei.
Verlin alipunguza mwendo wa pikapu, akashusha kioo:
"Dada, mahindi yako yameshikwa na homa ya manjano?"
Akapiga honi, akaenda.
Lenora alinimiminia kahawa kutoka chupa,
akasema, "Andika tu ulichokiona."
Nikaandika. Namba zilikuwa aibu.

Mwaka wa nne, nyungunyungu.
Nilichomoa keekee, mmoja akachungulia tunduni
kama mtu aliyeamshwa kufungua mlango.

Mwezi uliopita Verlin alikuja maabara mwenyewe,
kofia ya kampuni ya mbegu kichwani,
mkononi chupa ya achari, lebo ingalipo:
maji ya kisima chake.
"Mjukuu anakuja kukaa kwetu. Ana wiki tano."
Hakusema zaidi. Hakutaja plau.
Nilipima mara mbili,
kwa sababu mara ya kwanza sikulipenda jibu.
Nikamwandikia namba nyuma ya risiti.
Ilikuwa tarakimu mbili; aliisoma kama barua.
Akaikunja, akaitia ndani ya kofia, akaivaa.

Oktoba imefika, naye amelima.
Nilisikia trekta lake nikiwa kwa Lenora, nimepiga magoti.
Ila kando ya mtaro, upana wa plau mbili,
amebakiza mabua yamesimama,
wala hakumwambia mtu.
Nilivuka seng'enge, nikatoboa pale pia.
Mfuko mpya. Nikashika kalamu juu yake,
sijui niandike shamba la nani.